Droni za kuangusha maporomoko ya theluji: zinamlinda nani, na saa ngapi?

Dhoruba kubwa ya theluji ikishapita milimani, kuna watu ambao kazi yao huanza kabla ya alfajiri. Wanapanda hadi ukingo wa juu wa mteremko wakiwa na vilipuzi mgongoni. Mmoja anawasha utambi na kurusha kilipuzi mbele, kisha wanajibanza nyuma ya mwamba kusubiri dakika moja na nusu hivi. Mlipuko ukilitikisa tabaka dhaifu lililofichika chini, theluji yote iliyolala juu yake hukatika kwa mkupuo na kuteremka. Wanaiporomosha kwa makusudi wakati bondeni hakuna mtu, ili baadaye isije ikawafunika wasafiri wa barabarani au wanamichezo wa ski.

Tatizo ni kwamba wao wenyewe wako pale juu. Februari 2025, katika kituo cha ski cha Mammoth Mountain, California, wanadoria wawili (walinzi wa usalama wa mteremko) walinaswa na poromoko wakiwa kwenye kazi hiyohiyo, na mmoja wao akafariki baadaye. Wanaotetea droni, yaani ndege ndogo zisizo na rubani ndani, zibebe vilipuzi hivyo huanzia hapa, na nadhani wana haki kabisa. Kama mashine inaweza kupeleka kilipuzi pale ambapo leo anapelekwa binadamu, anayepinga ndiye mwenye deni la kueleza kwa nini.

Hoja yao inapata nguvu zaidi ukitazama njia nyingine zilizopo. Katika Rogers Pass, Kanada, wanajeshi wamekuwa wakipiga milima kwa mizinga ya milimita 105 tangu miaka ya 1960 ili barabara kuu isizibwe. Mizinga hufika mbali na hupiga hata kukiwa na ukungu, lakini kombora lisipolipuka hubaki mlimani, na theluji ikiyeyuka mpita njia anaweza kulikuta. Mwaka 2005 huko Utah, kombora lililolengwa mlimani lilipitiliza kilele na kuangukia uwanja wa nyuma wa nyumba katika mji wa Pleasant Grove. Helikopta nayo ni ghali, na humlazimu rubani kuruka polepole karibu sana na miamba. Droni humwacha mwendeshaji mahali salama, na ikianguka hakuna mtu ndani. Idara ya Uchukuzi ya Alaska ni miongoni mwa waliokwisha kuanza kuitumia juu ya barabara zao.

Hadi hapo niko upande wao. Ninapoanza kusita ni kwenye suala la saa.

Hatari ya poromoko hupanda kwa kasi wakati theluji bado inaanguka na upepo unaisomba kutoka upande mmoja wa ukingo na kuirundika upande wa pili. Huo ndio wakati barabara inahitaji kusafishwa, tena mara nyingi usiku. Na huo ndio wakati droni inashindwa: upepo wa ukingoni unaiyumbisha, barafu inaganda kwenye mapanga yake, baridi inanyonya betri, na mwendeshaji haoni anakoipeleka. Minara ya kudumu iliyofungwa juu ya mteremko haina shida hiyo. Ipo inayolipua mchanganyiko wa propani na oksijeni, na ipo inayoshusha vilipuzi kwa kamba. Yote hufyatuliwa kutoka mbali, hata gizani katikati ya dhoruba. Tena hulipua hewani, juu kidogo ya uso wa theluji, ambako mshindo husambaa na kutikisa eneo pana kuliko kilipuzi kilichozama ndani ya theluji laini. Kuijenga ni gharama kubwa, sikatai. Lakini mamlaka ya barabara ikiahirisha minara kwa sababu droni ni rahisi, itajikuta na kifaa kinachofanya kazi vizuri asubuhi ya jua baada ya hatari kubwa kupita.

Kuna jambo la pili, ambalo nalihofia zaidi. Kilipuzi kikilipuka na theluji isisogee, maana yake nini? Huenda mteremko ni imara. Huenda pia kilitua pembeni kidogo ya mahali palipo dhaifu, na mtu wa kwanza kupita na ski atapakanyaga palepale. Mwanadoria aliyepanda kwa miguu hana jibu kamili, ila ana dalili ambazo kamera haizipati. Amehisi chini ya buti jinsi theluji ilivyo ngumu juu na tupu chini. Pengine amesikia ule mguno mzito tabaka dhaifu linapobonyea ghafla, akarudi nyuma hatua mbili. Amechimba shimo na kugusa punje za theluji kwa vidole. Kuna hasara ya kweli katika kumtoa huyu mlimani, na wauzaji wa droni hawaizungumzii.

Najua jibu litakalotolewa: maarifa hayo hununuliwa kwa damu. Ni kweli, na ndiyo maana sisemi arudishwe ukingoni na utambi mkononi. Shimo la kuchunguza theluji linaweza kuchimbwa kwenye mteremko mdogo ulio salama, unaotazama upande uleule na ulio kwenye kimo kilekile. Asichotakiwa kufanya ni kusimama juu ya mteremko wa nyuzi 38 uliobeba theluji ya usiku mzima. Kazi hiyo, hali ya hewa ikiruhusu, apewe droni leo.

Na droni ina kazi nyingine isiyopiga kelele. Watafiti wa SLF, taasisi ya utafiti wa theluji na maporomoko huko Davos, Uswisi, hutumia picha za droni kuchora ramani za kina cha theluji. Ramani ya namna hiyo huonyesha upepo umerundika wapi, hivyo kilipuzi kinaelekezwa panapostahili. Kwa maoni yangu thamani hii haipungui hata kidogo mbele ya ile ya kubeba baruti, na haihitaji kibali cha vilipuzi. Maana vibali navyo si jambo dogo: kanuni za kawaida za FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, haziruhusu droni ndogo kubeba vitu hatari, na anayetaka kufanya hivyo huomba ruhusa maalumu. Wengine huona huo ni urasimu. Mimi naona ni sahihi, hasa nikifikiria droni iliyoanguka katikati ya mteremko ikiwa bado na kilipuzi. Nani atakwenda kuichukua? Mteremko haujaporomoka, kilipuzi hakijalipuka, na aliyepaswa kulindwa ndiye anayetazamiwa kwenda.

Ningekuwa na kauli, kituo cha ski kisingerusha droni ya kwanza kabla swali hilo halijajibiwa kwa maandishi: eneo lifungwe muda gani, nani anaamua lifunguliwe, na kilipuzi kiharibiweje bila mtu kukanyaga pale. Kadhalika mteremko uliolipuliwa ukabaki kimya usifunguliwe kwa picha za droni peke yake, hata kama foleni ya wateja imeshafika kwenye lifti.