Ubishi wa folda: kuficha vitu kwenye kompyuta ya watu wengi

Kuna ubishi unaendelea kwenye saiba (duka la kompyuta na intaneti) moja hapa Langoni, Lamu, ambayo mimi huenda sana kuprinti, na nimeona niuandike manake unahusu watu wengi kuliko hao wawili wanaobishana. Kijana anayeshughulikia mashine pale aliamua kuzisafisha zote. Akatoa zile folda zinazojipanga ukifungua This PC, yaani Music, Videos, Pictures na ile 3D Objects ambayo sijamuona mtu hapa Amu akiitumia, akatoa OneDrive, ile hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, upande wa kushoto, akazima ile orodha ya faili za karibuni, alafu folda za kazi za zamani akazitia alama ya kufichwa. Mwenye duka ni shangazi yake, na shangazi hataki kabisa. Anasema mashine zake zilikuwa zinajulikana, sahii kila mtu anamuuliza kitu fulani kiko wapi. Kijana naye anasema shangazi, mashine zilikuwa zimejaa takataka, tulikuwa tunafanya kazi kwa kubahatisha. Nimewasikiliza wote wawili na naona kila mmoja ana haki, ila sio kwa jambo moja.

Nianze na kijana, manake hoja zake ni nzito kuliko shangazi anavyozipa uzito. Windows 10 ukiifungua File Explorer, lile dirisha la folda na faili, inakuonyesha kitu kimoja mara mbili tatu. Downloads iko kwenye Quick Access, ile orodha ya njia za haraka, iko tena chini ya This PC, na ukipita njia ya diski C unaikuta mara ya tatu. Ni folda ileile moja lakini mtu asiyejua anadhani ziko tatu. Documents ndo mbaya zaidi, kwa sababu OneDrive ikiwashwa ihifadhi nakala inaichukua Documents na kuiweka kwake, sa unaweza kujikuta na Documents mbili ambazo kweli ni tofauti, barua umeihifadhi huku unaitafuta kule. Nimeshuhudia mteja wa Faza amesimama kaunta, boti imeshaanza kuita abiria jeti, na barua yake ya chifu haionekani na ilichapwa palepale asubuhi. Hapo ukimwambia kijana aache mambo kama yalivyo, unamwonea.

Tena Microsoft wenyewe wamekuja kukubali kwamba vitu vilizidi. Zile folda ziliwekwa juu kwenye This PC tangu Windows 8.1 ya mwaka 2013. 3D Objects ikaongezwa kwenye Windows 10 mwaka 2017, watu wakalalamika weee, Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 haikuwa hapo tena. Alafu mwaka 2022 kwa sasisho la 22H2 la Windows 11 zile folda nyingine nazo zikahamishwa, This PC ikabaki inaonyesha diski tu. Kwa hivo alichofanya kijana kwa mkono ndicho walichokuja kufanya waliotengeneza sistimu yenyewe, na sioni vipi aitwe mharibifu kwa hilo.

Lakini hoja yake kubwa kwangu mimi ni ile ya faili za karibuni, na hii naomba watu wa saiba wote waisome vizuri. File Explorer ikifunguka kwenye Quick Access inaweka chini majina ya faili zilizofunguliwa mwisho. Kwenye kompyuta yako ya nyumbani ni msaada. Kwenye saiba maana yake mteja anayekaa sasa anaona majina ya vitu vya aliyetoka: kitambulisho cha fulani, majibu ya hospitali ya fulani, barua ya talaka ya fulani, na mji wetu ni mdogo, jina moja linatosha habari ifike Mkomani kabla ya mwenyewe kufika nyumbani. Kuizima hakuhitaji ufundi wowote, unaenda View, unabonyeza Options, kwenye ule ukurasa wa kwanza unatoa tiki kwenye faili za karibuni na folda zinazotumika sana, unabonyeza Clear, na palepale juu unachagua dirisha lifunguke kwenye This PC badala ya Quick Access. Kenya ina sheria ya kulinda data ya watu tangu 2019, na hata isingekuwepo, siri ya mteja ni siri ya mteja. Hapa nampa kijana haki yote, na shangazi nadhani angekubali kama angeelezwa hivi badala ya kuambiwa mashine zake ni takataka.

Sasa upande wa shangazi.

Kijana alipotia alama ya kufichwa kwenye folda za kazi, yeye alijua ziko. Anajua ukienda View ukiweka tiki Hidden items zinarudi, zinaonekana zimefifia kidogo. Dada anayeshika zamu ya jioni hakujua. Akaja mtu anataka kadi zake za harusi ziongezwe idadi, dada akatafuta folda ya kadi hamna, akaitafuta kwa jina kwenye kile kisanduku cha juu hakuipata, akaona asimpoteze mteja akaiandika kadi upya kutoka kwa ile ya karatasi. Asubuhi ikawa kuna kadi mbili za harusi moja, ile ya zamani imefichwa kwenye diski D, mpya iko Desktop, na kwenye mpya jina la ukoo wa bibi harusi limekosewa herufi. Yaani kile kitendo cha kupunguza mrundikano kimezaa faili ya ziada, tena yenye kosa. Hilo shangazi analieleza kwa uchungu na siwezi kumlaumu, manake ndiye aliyelipa karatasi za kuprinti upya.

Na kuna jambo jingine ambalo watu wa saiba wanalijua vizuri. Miaka yote hii flashi zinazozunguka hapa zimebeba vile virusi vya shortcut: kinaingia kwenye flashi, kinazificha folda zako za kweli, kinaweka njia za mkato zenye majina yaleyale, wewe unabonyeza, chenyewe kinajiendesha kimyakimya alafu kinakufungulia folda usishtuke. Dawa tumezoea kuandika amri ya attrib na alama zake kwenye lile dirisha jeusi la amri mpaka folda zirudi. Sasa kama wafanyakazi wako wamefundishwa kwamba folda ikipotea kwenye macho hiyo ni dalili ya virusi, alafu na wewe unaficha za kazi kwa alama ileile, unawavurugia ile dalili. Watu wataanza kuskani mashine nzima bure, au mbaya zaidi, siku virusi vikija kweli watasema ah hiyo ni kijana ameficha.

La tatu ni rejistri. Kwenye Windows 10 zile folda za This PC hazina kitufe cha kuzitoa, unaingia kwenye rejistri, ile hazina ya setingi zote za sistimu, unafuta funguo zenye majina marefu ya namba na herufi, na kwenye Windows ya biti 64 unazifuta sehemu mbili. Hakuna cha kurudisha nyuma pale, ukifuta umefuta, labda kama ulitoa nakala kabla. Na sasisho kubwa likija linaweza kuzirudisha zote uanze upya. Watu wengi hata hawafanyi kwa mkono, wanadaunlodi faili ya mtu wasiyemjua mtandaoni wanaibonyeza mara mbili wanasema ndio. Kwa faida gani? Folda saba zisionekane juu ya diski. Nimepima hilo na kwangu halilipi, hasa kwa mashine ya biashara. Ukitaka zisikusumbue, pale This PC kuna kimshale pembeni ya neno Folders, kibonyeze zinajikunja zote, diski zinabaki. Basi. Ni jambo ambalo hata mtoto wa madrasa anaweza kulifungua tena.

Sasa mimi nasimama wapi. Naona swali wanalobishania, kuficha au kutoficha, limewapotezea muda, kwa sababu kuficha kunabadilisha kinachoonekana na hakugusi kilichopo. Ile hatari ya siri za wateja niliyoisema juu, kijana ameitatua nusu tu. Majina hayaonekani tena kwenye dirisha la kwanza, lakini picha za vitambulisho zenyewe ziko palepale, nyingine za miaka, ndani ya folda zilizofichwa ambazo sasa hata mwenye duka hazikumbuki. Alama ya kufichwa sio kufuli. Yeyote mwenye kujua ile tiki moja anaziona. Na kitu usichokiona hukifuti, hilo ndo linanitia wasiwasi zaidi kuliko yote, kwamba mashine inaonekana safi alafu kila mtu anapumzika.

Kwa kompyuta ya mtu mmoja hukumu yangu ni nyingine kabisa. Ya kwako, paswadi yako, ficha unachotaka. Mimi laptopu yangu ina Ubuntu, sistimu nyingine badala ya Windows, na pale kuficha ni rahisi na hakuna madhara: unatengeneza faili ya maandishi unaipa jina .hidden, ndani unaandika majina ya folda kila moja mstari wake, ukifungua tena hazionekani, na ukitaka irudi unafuta ule mstari. Nimeziondoa Templates na Public hivyo, sijazikosa. Lakini hata hapo nazificha folda tupu za sistimu tu. Folda yenye kazi ndani siifichi.

Na kuna kitu ambacho nataka kionyeshwe, sio kifichwe, ingawa kinaongeza maandishi kwenye skrini. Windows tangu ile ya 95 huwa inaficha mwisho wa jina la faili, ile .pdf, .docx, .exe. Inapendeza macho, kweli. Lakini mwezi Mei 2000 kile kirusi cha ILOVEYOU kilisambaa duniani kikiwa kwenye faili inayoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, na kwa vile ile .vbs ya mwisho ilikuwa imefichwa watu wakaona .TXT wakadhani ni barua ya maandishi tu. Kwenye saiba ambako flashi ishirini zinaingia kwa siku, mfanyakazi lazima aone kama anachobonyeza ni picha au ni programu. Kwa hivo tiki ya File name extensions iwe imewashwa mashine zote. Kijana kwenye usafi wake hakuigusa hii, na ndiyo ningeianza.

Mrundikano wenyewe uko Downloads na Desktop, kila anayefanya kazi hii anajua. Ritani za KRA, wale wa kodi, zikifika Juni risiti zinashuka na majina ya namba tupu, za eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, hivyohivyo, wanafunzi wa KUCCPS wanaoomba nafasi za chuo nao, mpaka jioni una PDF ambazo hakuna anayejua ni za nani. Hapa hakuna setingi ya File Explorer itakayokuokoa, ni kuipa faili jina la mteja palepale inaposhuka kabla hujaprinti, na kazi zinazorudiwa kama kadi na barua ziwe na folda ya mwaka kwenye diski D, imebandikwa Quick Access kila mashine kwa mpangilio uleule. Kubandika huko ni kubonyeza kitufe cha kulia cha mausi tu, na hakufichi chochote. Kupanga kwa tarehe pia nakupenda, ile inayoandika leo, jana, wiki iliyopita, wapo wanaoichukia lakini kwa kaunta inasaidia sana kwa sababu mteja huwa anakumbuka alikuja lini, jina la faili hajui.

Ya wateja ifutwe. Windows 10 na 11 zina Storage Sense kwenye setingi, na ndani yake unaweza kuiambia ifute kilichoko Downloads kisichofunguliwa kwa siku 1, 14, 30 au 60. Ikija kutoka kiwandani imewekwa isifute kabisa, kwa hivo ni lazima uichague mwenyewe. Shangazi nilipomtajia alishtuka, akasema watu wa Kiunga na Kizingitini hawaji mjini kila wiki, mtu anaweza kurudi baada ya mwezi kuulizia karatasi yake, na ana haki kuwaza hivyo, ndio wateja wake. Kijana anataka siku 1. Mimi ningeweka 14, na mteja wa mbali atumiwe nakala yake kwa WhatsApp au barua pepe palepale kabla hajashuka jeti, manake risiti ya KRA na kitambulisho cha mtu vinakaa vizuri zaidi kwenye simu yake kuliko kwenye mashine inayokaliwa na kila anayeingia. Folda za kazi zifichuliwe leo, faili za karibuni zibaki zimezimwa, na rejistri isiguswe tena.