Kilo zikirudi, tulaumu mdomo?

Kigoma mtu akikonda haraka huulizwa kama anaumwa. Akinenepa tena baada ya miezi minane, hukumu hutoka bila kikao: ameshindwa na mdomo.

Wanaosema hivyo wana la kushika. Huko Marekani kuna daftari lililoanzishwa mwaka 1994 na watafiti Rena Wing na James Hill, la watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kukaa mwaka mzima au zaidi bila kuzirudisha. Waliomo hawana dawa ya siri: wengi hufanya mazoezi kama saa moja kwa siku, hawaruki chakula cha asubuhi, na robo tatu hivi hupanda mizani walau mara moja kwa wiki. Kwa hiyo inawezekana, na nidhamu ina kazi yake. Ila daftari hilo limejaa waliofaulu na kujiandikisha wenyewe. Kuliuliza kwa nini wengine wameshindwa ni kama kuwauliza waliofika salama Kibirizi, mwalo wa Ziwa Tanganyika hapa Kigoma, kama ziwani kulikuwa na mawimbi.

Mawimbi yapo. Mwaka 2016 Kevin Hall na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima watu 14 waliokuwa wamepungua kwa wastani wa kilo 58 katika shindano la televisheni la kupunguza uzito. Baada ya miaka sita, kilo 41 kati ya hizo zilikuwa zimerudi, na miili yao wakiwa wamepumzika ilichoma kalori zipatazo 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao.

Hilo la mwili kuchoma kidogo limeshasikika. Lisilosemwa ni njaa. Hesabu nyingine ya Hall na wenzake inaonyesha kwamba kwa kila kilo inayotoka, matumizi ya mwili hushuka kalori 20 hadi 30 kwa siku, lakini hamu ya kula hupanda kalori kama 100. Njaa inavuta mara tatu hadi tano ya huo uchomaji tunaoulalamikia.

Tumchukue mama wa Gungu, hapa Kigoma, aliyetoka kilo 90 akafika 80. Hamu yake imepanda kalori kama 1,000 kwa siku. Kijiko kikubwa kimoja cha mawese kina gramu 14 hivi, sawa na kalori zaidi kidogo ya 120. Yaani mwili unamdai vijiko vinane vya mawese kila siku, na unadai hata akiwa ameshashiba kwa macho ya watu. Hakuna anayekunywa vijiko vinane. Lakini mawese hayapimwi. Yanamiminwa mpaka mchuzi ung'ae, na tonge la ugali wa muhogo linafyonza yote bila mlaji kuona. Akikubali robo tu ya deni hilo, vijiko viwili, mwanzoni anaongeza karibu kilo moja kwa mwezi. Mtu aliyekataa robo tatu ya njaa yake kila siku ndiye anayeitwa mlafi.

Kosa la kweli, kwa maoni yangu, liko kwenye mpango. Watu hupanga kupungua, wakifika 80 wanarudia sahani ya mtu wa kilo 90. Pia wanaoacha ugali kabisa hutishwa na maji. Wanga unaohifadhiwa kwenye misuli na ini hushika maji kama mara tatu ya uzito wake, hivyo siku ugali unaporudi mezani mizani inaweza kupanda kilo moja na nusu au mbili ndani ya siku chache. Hayo si mafuta, ila wengi huona wameharibu na kuachia kila kitu. (Chai za kupunguza uzito zinazoharisha nazo hutoa maji tu, kwa bei.)

Mpango wa baadaye unaanzia sufuriani. Dagaa waoshwe kwa maji ya moto, wakaangwe bila mafuta hadi wakauke, kisha nyanya na kitunguu, halafu mawese kijiko kimoja kwa kila mlaji, yachemke dakika 10. Rangi na harufu vinabaki. Dagaa wenyewe wasipunguzwe: wakiwa wakavu, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, nayo hushibisha kwa muda mrefu na kulinda misuli. Ugali ndio upungue, tena ukatwe kabla mchuzi haujapakuliwa. Kupanda kutoka stesheni ya reli hadi mtaa wa Mwanga kwa miguu, badala ya bodaboda, kunafidia sehemu ya kile mwili ulichoacha kuchoma.

Mizani iwe siku moja ya wiki, asubuhi, baada ya kutoka msalani na kabla ya chai. Kilo mbili juu kwa wiki moja ni za kusubiri. Zikifika wiki ya tatu bado zipo, angalia nani nyumbani amerudi kumimina mawese kwa macho.