Windows 7 ya steshenari: itolewe au iachwe ifie kazini?

Shemeji yangu ana steshenari Nkuhungu hapa Dodoma, kompyuta nne, desktopu tatu zina Windows 7 na laptopu moja ina 10, juzi fundi kamwambia zote zipigwe Windows 11 la sivyo siku moja atalia. Kaja kwangu kuuliza na nimekuta wote wawili wana hoja.

Tuanze na shemeji. Mashine inawaka, inachapa, wateja wanalipa, sasa unabadilisha nini? Printa yake ni ya kizamani, ukipiga Windows mpya unaweza kukesha siku mbili unatafuta draiva (programu ya kuiunganisha printa na kompyuta) huku wanafunzi wa UDOM na ripoti zao za fildi washahamia duka la pili. Halafu Windows 11 haiingii kwenye kila bati, inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na kama ni Intel basi prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Desktopu za mtumba tulizojaza humu madukani nyingi ni kizazi cha 3 na cha 4, kwahiyo fundi akisema piga 11 ana maana mbili, ama aruke hivyo vizuizi kwa ujanja (inawezekana, ila Microsoft hawakuahidi mashine ya hivyo itaendelea kupata apdeti) ama ununue nyingine. Mashine tatu kwa hela ya kopi za shilingi mia mia, kazi ipo.

Sasa fundi. Windows 7 iliachwa 14 Januari 2020, Windows 10 nayo 14 Oktoba 2025. Kuachwa siyo kwamba inazima, ni kwamba tundu jipya la usalama likionekana hakuna anayekuja kuliziba. Na Chrome ya mwisho kukubali 7 ni toleo la 109, la mwanzoni mwa 2023, na hapo ndo shemeji anaumia bila kujua maana mteja kaja kujaza fomu ya mkopo, kitufe hakibonyezeki, anaambiwa leo netiweki mbovu. Netiweki anaisingizia tu.

Ila kuna kitu fundi hakukisema. Ile virusi ya WannaCry ya Mei 2017 iliyofunga mafaili ya watu dunia nzima na kudai hela, apdeti ya kuziba tundu lake ilikuwa imetoka tangu Machi, na waliopigwa wengi walikuwa na Windows 7 ambayo wakati huo bado ilikuwa inahudumiwa vizuri tu, hawakuapdeti basi. Shemeji kazima apdeti zote kuokoa bando, na Windows yenyewe ni ya kukraki, sasa mtu wa hivi hata ukimpigia 11 leo, akiizima apdeti kama kawaida yake baada ya mwaka yupo palepale alipokuwa.

Kilichonitisha mimi ni folda inaitwa SCAN kwenye desktopu ya katikati. Vitambulisho vya NIDA, vyeti vya form four, vya kuzaliwa, vya watu toka 2019, wengine sidhani kama wanakumbuka waliwahi kupita pale. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inafanya kazi tangu Mei 2023, na kwa ninavyoielewa haijali una duka dogo au benki. Hiyo folda tumeifuta siku hiyohiyo, haikuhitaji Windows yoyote.

Kwenye mashine zenyewe mi nipo katikati, kidogo nimeegemea kwa shemeji. Laptopu yenye 10 nimeikagua, ni kizazi cha 8 na Windows yake ni halali, kwahiyo kupanda kwenda 11 ni bure, gharama ni bando tu. Hiyo ndo ibaki na intaneti, fomu zote na imeili zote pale. Zile tatu zing'olewe kebo ya netiweki zibaki kuchapa na kuprinti. Kwa wenye 10 isiyopanda, Microsoft wanauza apdeti za ziada kwa biashara, dola 61 kwa mashine mwaka wa kwanza halafu inadabo kila mwaka hadi wa tatu, jumla dola 427, hapo bora ununue mtumba mwingine. Linux Mint, mfumo mwingine wa kuweka badala ya Windows, ni ya bure na inabeba mashine chovu, nilimwonyesha, akafungua faili la Word la mteja kurasa zikahama, akanirudishia mausi bila kusema neno.

Kung'oa kebo hakumalizi kila kitu lakini, flashi bado zinaingia, na flashi za wanafunzi unazijua, unafungua unakuta mafaili yote yamegeuka shotikati. Kwahiyo flashi ipite kwanza kwenye laptopu yenye antivairasi inayoapdetika, ndo iende kwenye desktopu. Inachelewesha foleni, kweli, na asubuhi ya siku za mwisho za maombi sidhani kama atalifuata.

Mpaka jana kebo mbili zimeng'olewa. Ya tatu kagoma, anaangaliaga mechi humo.