Kumi na Mbili ya Zulu

Kazini kwetu hakuna saa ya Kiswahili. Uwe Mwanza, uwe Mtwara, vipimo vya hali ya hewa vinaandikwa kwa saa ya Greenwich, ile marubani wanaiita Zulu, ili mtu wa Nairobi na mtu wa Cairo wachore ramani moja. Saa tatu asubuhi, tunapokwenda kupima maji ya kipima mvua, daftarini tunaandika 06. Fanya hivyo miaka sita uone kama kichwa hakitahamia Greenwich, mwili ukabaki Mwanza.

Kwenye timu waliniita Utabiri. Nilikuwa naruka chini, ile ya kutua kwenye mchanga, na mwaka huo tulikwenda Kampala kushindana na majirani. Mwezi Aprili. Aliyepanga tarehe hakuniuliza.

Usiku wa kuamkia mashindano niko kitandani hostelini, nimetoka kuangalia picha za satelaiti, dada mmoja wa kupokezana vijiti akachungulia mlangoni.

"Utabiri, jezi zinanuka safari. Kesho tukifua zitakauka? Mvua vipi?"

Anga la Kampala halina siri kubwa. Usiku mawingu yanajikusanya juu ya ziwa. Mchana nchi kavu inapata moto, upepo wa ziwa unaingia bara, na mawingu yanaumuka kama uji uliosahauliwa jikoni. Nikapiga hesabu zangu, nikajibu bila kuinua macho:

"Itanyesha. Kumi na mbili."

"Kumi na mbili? Aa, basi muda upo."

"Upo mwingi tu."

Akaenda kuwatangazia wenzake. Mimi nikalala na mpango wangu, ambao sikumwambia mtu. Wingu la radi likikaribia kumwaga, hushusha hewa baridi, na hewa hiyo ikifika ardhini husambaa mbele ya mvua kwa kishindo. Ndio ule upepo unaofunga madirisha kabla ya tone la kwanza. Fainali yetu ilikuwa inaanza saa nane. Nikijaliwa, mruko wangu wa mwisho ungekutana na upepo huo mgongoni. Nilikuwa nahitaji mita 7.40 ili nifuzu mashindano makubwa zaidi, na kwa nguvu zangu mwenyewe sikuwahi kuvuka 7.12.

Asubuhi niliona uzio mzima umevaa nguo. Jezi, bukta, soksi, na traksuti mbili za kiongozi wa msafara, mtu mzima wa kilo mia na ushee. Kina dada wanapita na kanga, wanaimba. Nikawaza tu: hawa nao, kufua na mvua hii inayokuja! Wallahi sikuunganisha.

Saa tisa kasoro dakika tano wingu likatokea upande wa ziwa, jeusi, kichwa kimetanuka kama fuawe. Wenzangu wote wananuna. Mimi peke yangu nacheka kama niliyeona mgeni wangu anashuka kwenye basi. Likaitwa jina langu. Unapewa dakika moja. Nikaitumia yote kutazama miti nyuma yangu. Majani yakageuka, miti ikainama, vumbi likapanda. Nikakimbia.

Sikuruka mimi. Nilibebwa. Nilitua nikatema mchanga, nikageuka: bendera nyeupe. Mita 7.43! Nikaanza kushangilia, ndipo nikaona namba ya pili kwenye kibao: upepo, jumlisha 4.3.

Kanuni ni kwamba upepo wa mgongoni ukizidi mita 2.0 kwa sekunde, mruko unakupa nafasi yako siku hiyo, lakini haukupi rekodi wala kufuzu. Niliijua fika. Nilichosahau ni kwamba upepo wa namna ile hauagizwi kwa kipimo kama mafuta ya taa.

Nikamwendea mwamuzi, mzee mtulivu mwenye mwavuli.

"Mzee, kifaa chenu kiko chini mno, mita 1.22 tu. Sisi wa hali ya hewa tunapima upepo kwenye mita 10!"

Akafikiri kidogo. "Huko juu si kingesoma zaidi?"

Kweli tupu. Nikanyamaza.

Mvua ikashuka. Sasa ndipo nikasikia kelele za uzioni. Kina dada wanakimbizana na bukta zinazoelea kwenye mtaro, fainali yao ni saa kumi. Traksuti ya kiongozi wa msafara imenasa juu ya goli, imejaa upepo, mikono imetanuka kama yeye mwenyewe anadaka penalti. Yeye anakuja kwangu na shuka la hosteli kiunoni.

"Utabiri! Si ulisema kumi na mbili?"

"Ndiyo, kiongozi. Na imekuja kumi na mbili kamili."

"Hii ni saa tisa!"

"Kumi na mbili ndiyo saa tisa."

Akanitazama. Maji yanamtiririka puani. "Tangu lini?"

Hapo ndipo nilipounganisha. Nikajaribu kumweleza Greenwich ni wapi. Haikusaidia. Kina dada walikimbia na jezi zinazochuruzika, wakashika nafasi ya nne, na hadi tunalala hakuna aliyenipitishia chumvi mezani.

Baada ya chakula kiongozi akasimama kutangaza safari ya kurudi.

"Basi linaondoka kesho saa kumi na mbili." Akanigeukia taratibu. "Za kwetu."