Mafini za limau, eti rahisi

Mimi neno "rahisi" siku hizi nikilisikia tu naanza kutafuta mlango uko wapi. Mtu akikwambia kitu ni rahisi ujue yeye ameshakifanya mara mia, mikono yake inaenda yenyewe, wewe anakuachia mistari sita halafu huyo anaenda zake. Jumamosi mama watoto alikuwa na safari zake, nyumbani tumebaki mimi na binti wa darasa la nne, nikawa nachezea simu nikakutana na mapishi, mafini za limau, vile vikeki vidogo vya kwenye vikopo, rahisi kabisa, dakika 30 tu, hata mtoto anaweza. Hilo la hata mtoto anaweza liweke pembeni, tutalirudia.

Na ukisoma kweli unaona jambo la kitoto. Unga wa ngano vikombe 2, sukari robo tatu kikombe, beking pauda vijiko 2 vya chai, chumvi kidogo, mayai 2, maziwa kikombe kimoja, mafuta nusu kikombe, malimau 2, basi. Nikasema sasa hapa ugumu uko wapi. Nikavaa aproni ya mama watoto ile ya maua, nikakunja mikono ya shati, nikamwambia binti wewe kaa hapo uone baba yako anavyofanya kazi. Akakaa. Na kweli aliona, kila kitu aliona, ndo maana leo sina heshima ndani ya nyumba hii.

Tuanze na hicho kikombe. Kikombe kipi? Kumbe kwenye mapishi kikombe ni kipimo jamani, ni mililita 240 au 250 hivi, sio chombo cha kunywea, mimi nikabeba kile changu cha chai ya asubuhi ambacho kinameza mililita 350 bila hata kushtuka. Najua utasema aah si ukitumia hichohicho kwa kila kitu inabaki sawa, na mimi nilijiambia hivyohivyo nikajiona nina akili sana. Haya, na mayai? Yai halijui kikombe chako kikubwa kiasi gani, yai ni yai, na beking pauda nayo imepimwa kwa kijiko, kwa hiyo unga wangu umeongezeka karibu nusu halafu mayai yamebaki mawili yaleyale yanahangaika. Juu ya hapo nilikuwa nauchota unga kwa kuushindilia na kiganja, kumbe unatakiwa kuumimina taratibu na kijiko halafu unasawazisha juu, ukiumimina hivyo kikombe kinabeba gramu 120 na kitu, ukishindilia unafika 150 bila kujua. Nani alinifundisha haya? Hakuna. Nimeyajua baada ya msiba.

Sasa njooni kwenye limau, hapa nina hasira za kweli. Mapishi yameandika "juisi ya malimau 2, maganda ya malimau 2 yaliyokwaruzwa." Mimi ni mtu mtiifu, nasoma kutoka juu kwenda chini, kilichotangulia nafanya kwanza, kwa hiyo nikakata malimau nikayakamua mpaka tone la mwisho, nikatoa mbegu, nikajipongeza. Halafu ndo nikafika kwenye maganda. Hivi wewe umeshawahi kukwaruza nusu limau lililokamuliwa? Ni kama kumnyoa ndevu mtu anayelia. Halikai, linanywea, linateleza, ukilibana linajikunja, na kikwaruzo kinakusubiri hapo na meno yake. Kwaruzo la tatu tu nikajikwaruza kifundo cha kidole, kangozi kakaondoka, na mkono wote umelowa limau! Sitaki kusema nilichosema. Binti akauliza, "Baba, hilo neno maana yake nini?" Nikamwambia ni jina la kiungo.

Kumbe kila mtu anajua kwamba unakwaruza limau likiwa zima, limejaa, limekaza, halafu ndo unalikamua. Kila mtu isipokuwa aliyeandika yale mapishi, au anajua ila anatuchukia. Na usifikiri ganda ni urembo, uuache, hapana. Harufu yote ya limau iko kwenye ile njano ya juu, ndo kwenye mafuta yake, juisi inakupa uchachu tu halafu ikifika kwenye oveni ladha yake inapoa sana. Ila uishie kwenye njano, ukizama mpaka kwenye ile nyeupe ya chini unakula uchungu. Sasa mimi na kidole changu kinachowaka moto nitapima saa ngapi njano imeishia wapi, nikakwaruza kilichokwaruzika. Halafu kuna hii mbinu binti ameionyesha baadaye, unachanganya hayo maganda na sukari kwanza unayasugua kwa vidole mpaka sukari inalowa kidogo na kunukia jiko zima. Kwa vidole. Vyake ni vizima.

Haya, nikamimina juisi kwenye maziwa ili niokoe muda, maana dakika 30 zilikuwa zimeshapita na bado sijawasha hata oveni. Kugeuka nyuma maziwa yamekatika, mabonge mabonge yanaelea kama mawingu. Roho ikanidunda, nikajua nimeharibu, nikamwaga yote kwenye sinki nikafungua pakiti nyingine. Binti kimya anaangalia. Jioni ndo najua kwamba watu wanafanya vile makusudi kabisa, kijiko kimoja cha chakula cha juisi kwenye kikombe cha maziwa, unaacha dakika tano hivi yagande, na ule uchachu unaisaidia keki kuwa laini. Yaani kitu pekee nilichopatia siku ile ndo nilichokimwaga.

Lakini kosa lenyewe, lile lililoniumbua, halikuwa hilo. Kosa langu lilikuwa bidii. Mimi nimelelewa kwamba kazi ukiifanya ifanye kikamilifu, sasa mapishi yanasema uchanganye vitu vikavu na vya majimaji "mpaka unga usionekane, mabonge madogo yaache." Yaache? Mtu mzima nione bonge niliache? Nikaona huo ni uvivu wa waandishi wa siku hizi, nikashika mwiko nikachapa. Nilichapa mkono ukachoka nikabadilisha mkono, jasho linanitoka, mchanganyiko ukawa laini unang'aa, ukiinua mwiko unavutika kama ubani uliotafunwa. Nikamwonyesha binti, unaona? Hakuna hata bonge moja. Akasema, "Lakini baba imesema usichanganye sana." Nikamwambia mwanangu, sana ya watu wengine sio sana yetu.

Kumbe unga wa ngano una tabia moja mbaya, ukishalowa halafu ukaendelea kuusumbua, ule utomvu wake wanaouita gluteni unaamka na kujisuka. Kwenye mkate ndo unautafuta, unakanda weeee mpaka uvutike, mkate unakushukuru. Kwenye mafini ukifanya hivyo zinakuwa ngumu, zinachongoka juu kama kofia ya sherehe, na ndani zinatoboka mashimo marefu ungesema kuna panya kachimba. Maisha yangu yote naambiwa niongeze bidii, halafu siku niliyoongeza ndo inakuwa kosa.

Oveni je? Mapishi yameandika 400. Namba tu, hakuna herufi. Oveni yangu mwisho wake ni 250, nikakaa nimekodoa macho, nikafikiri labda kuna oveni za wakubwa na sisi wengine tumepewa za mazoezi. Kumbe hiyo 400 ni ya Fahrenheit, ya Wamarekani, kwa Selsiasi ni kama 200. Mimi nikaona suluhisho ni kuzungusha kitufe mpaka kikagoma, ikishindikana 400 basi tupate zote zilizopo. Na vikopo vya trei nikavijaza mpaka mdomoni, maana mchanganyiko ulikuwa mwingi kwa ile hesabu ya kikombe changu, kumbe unajaza robo tatu tu kitu kipate nafasi ya kupanda.

Dakika ya tisa harufu ya limau ikatoka, nzuri sana, nikamwambia binti unasikia? Dakika ya kumi na moja harufu ikawa nyingine. Nikafungua mlango wa oveni, moshi ukanisalimia usoni, juu zimekuwa kahawia ya kuelekea weusi, nikachoma na kijiti cha meno kikatoka kimepakwa uji. Juu zimeungua, ndani hazijaiva. Nikafunga, nikapunguza moto, nikafungua tena kuchungulia, nikafunga, nikafungua, kila ukifungua joto linatoka na zile mafini zinakata tamaa zinashuka katikati. Mwisho nikazitoa. Zimemwagikia kwenye trei zikashikana zote 12, ikawa kitu kimoja kikubwa, ukiinua moja unainua ukoo mzima.

Binti ndo akashuka kwenye kiti. "Baba, na mimi nijaribu?" Nikamwambia jaribu, nikijua atalia halafu tutakuwa wawili. Huyu mtoto alikwaruza malimau mawili mazima polepole huku anaimba. Akapima na kile kikombe cha plastiki chenye mistari kilichokuwa kwenye droo muda wote huo, alijua kilipo, hakusema. Akamwaga vya majimaji kwenye vikavu, akazungusha mwiko kivivu, nilihesabu, mara kumi na mbili, akaacha. Nikachungulia bakuli, mabonge yamejaa. Nikamwambia mama, malizia basi. Akasema nimemaliza. Akaweka 200, akasubiri oveni ipate moto kwanza, akaingiza trei, akaenda kuangalia katuni. Hakufungua mlango hata mara moja! Mimi ndo nilikuwa nimechuchumaa pale kwenye kioo kama nimefungiwa nje, naangalia zinavyopanda, zinaumuka taratibu, zinapasuka juu kidogo, kamstari ka dhahabu pembeni. Dakika ya 18 akaja na kijiti, kikatoka kikavu. Akaziacha kwenye trei dakika tano, akazihamishia kwenye waya zipoe, na karatasi zikatoka bila kubeba nyama.

Kidole bado kinawaka. Na vyombo vyote ni vyangu, maana mpishi wa awamu ya pili amesema yeye alitumia bakuli moja tu, kweli lilikuwa moja, ya kwangu ndo yalikuwa manne, na ule mchanganyiko ukikauka kwenye mwiko usifikiri ni unga tena, ni zege.

Mama watoto akarudi jioni akakuta sahani mbili mezani. Akala ya binti akafumba macho, akamuuliza amefundishwa na nani, mtoto akasema nilimwangalia baba. Sijui hadi leo ile ilikuwa heshima au matusi. Halafu mke wangu, maana ni mtu wa huruma, akamega kipande kwenye ile yangu, ukoo mzima ukasogea naye, akaweka mdomoni. Akatafuna. Mimi nimesimama na taulo la vyombo begani nasubiri. Akatafuna tena, akahamisha upande wa pili wa taya, akameza kwa nguvu, akanishika bega.

"Limau linasikika," akasema, akaenda kuchota maji.