Kabla ya kutafuta madabodi, fungua kwanza boksi

Wenye steshenari wa hapa Dodoma, hasa waliojipanga kuzunguka vyuo, wana swali moja wanaloniuliza sana: "Kaka, deskitopu yangu imekufa madabodi, nikinunua nyingine itaingia?" Madabodi ni ile bodi kuu ya ndani ambayo vifaa vingine vyote vinachomekwa. Mtaani jibu lao liko tayari: "Hiyo si ni i5? Tafuta bodi ya i5." Jibu hilo mimi silikubali hata kidogo. i5 ni jina la biashara tu, na kampuni ya Intel wamelibandika kwenye prosesa (chipu kuu inayoendesha kompyuta) za vizazi vingi visivyoingiliana.

Chukua i5-2400 ya mwaka 2011 na i5-3470 ya 2012. Hizo zinakaa kwenye soketi, yaani kikalio cha prosesa kwenye bodi, ya LGA 1155. Ukija i5-4570 ya 2013, soketi ni LGA 1150, na ukiilazimisha kwenye ile ya mwanzo haikai. i5-6500 ya 2015 inataka LGA 1151. Zote ni i5, na stika ya mbele ya boksi inaweza isikuambie lolote zaidi ya hapo. Kwa hiyo fungua kava, toa feni, futa ile gundi ya kijivu ya kupozea, usome namba iliyochongwa mgongoni mwa prosesa. Ni kazi ya dakika chache na bisibisi moja.

Hata soketi zikifanana, usishangilie bado. Chipseti, ile chipu ya kwenye bodi inayosimamia mawasiliano ya vifaa, nayo ina neno lake. Dell OptiPlex 790 ina chipseti ya Q65, na soketi yake ni ileile LGA 1155. Ukiipachika i5-3470 itaingia vizuri kabisa, na mashine haitafanya kazi, kwa sababu Intel hawakuiruhusu Q65 kubeba prosesa za kizazi cha tatu. Mtego huo umo pia kwenye LGA 1151: prosesa za kizazi cha sita na cha saba zina bodi zake, za cha nane na cha tisa zina zake, ingawa kwa macho soketi ni moja. Fundi asiyejua hili atakuambia prosesa imeungua, na utanunua nyingine.

RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine, ni rahisi. DDR3 haikai kwenye nafasi ya DDR4, pengo la katikati limehamishwa makusudi. Angalia stika ya RAM uliyonayo, basi.

Penye mzozo hasa ni boksi na umeme wake, na hapa ndipo naona pesa za watu zinapotea. Deskitopu nyingi za ofisini na madukani kwetu ni Dell OptiPlex au HP zilizokwishatumika ng'ambo. Bodi za kawaida zinazouzwa peke yake zinafuata vipimo vya ATX, ambavyo Intel walivitoa mwaka 1995: matundu ya skrubu yanajulikana, na plagi kubwa ya umeme ina pini 24. Dell na HP hawajajifunga na utaratibu huo. OptiPlex 3020, 7020 na 9020 zinatumia plagi ya pini 8. HP EliteDesk 800 G1 ina ya pini 6. ThinkCentre za Lenovo za miaka hiyo, nyingi zina ya pini 14. Yapo maungio ya waya ya kubadilisha pini 24 kwenda hizo nyingine, lakini hayo yanakusaidia ukitaka kuweka paua saplai (kisanduku kinacholeta umeme kwenye bodi) ya kawaida kwenye bodi ya Dell. Wewe unataka kinyume chake: bodi ya kawaida kwenye boksi na umeme wa Dell. Na hata umeme ukiupatia dawa, bado kuna waya wa kitufe cha kuwashia, ambao kichwa chake hakilingani na pini za bodi ya kawaida, na bati la nyuma lenye matundu ya USB lililokatwa kwa bodi ile moja tu.

Ndiyo maana msimamo wangu kwa mashine za namna hii ni mkali: au upate bodi yenye namba ileile, au usinunue bodi kabisa. Kwa Dell, namba iko kwenye stika ndogo juu ya bodi yenyewe, inaanza na CN-0, halafu zinafuata herufi na tarakimu tano. Hizo tano ndizo unazozitafuta. "OptiPlex 7010" peke yake haitoshi, maana 7010 ya boksi kubwa na 7010 ya boksi jembamba hazina bodi moja.

Mara nyingi hata hiyo bodi yenye namba ileile nashauri iachwe, ununue mashine nzima ya aina ileile iliyotumika. Bodi peke yake itatoka Kariakoo, itafungwa kwenye gazeti, itapakiwa basi, utaipokea stendi ya Nzuguni ukiwa umeshalipa. Huo ni mbuzi kwenye gunia. Kwenye soketi za Intel za LGA pini ziko kwenye bodi, nyembamba kama unywele, na moja ikilala RAM inaweza isisomeke au mashine isiwake kabisa. Ukipewa bodi mkononi, washa tochi ya simu, imulike soketi kwa pembeni: pini zote zinatakiwa zing'ae kwa mstari mmoja. Palipo na doa jeusi, rudisha. Mashine nzima inawashwa mbele yako dukani, na ile ya zamani inabaki kuwa ghala la spea: paua saplai, feni, RAM, nyaya.

Lakini nani amekuambia ni bodi? Mji wetu una vumbi la kutosha, na umeme ukirudi baada ya kukatika hurudi kwa kishindo. Kwenye OptiPlex nyingi, nyuma ya paua saplai kuna kitufe kidogo cha kuipima. Kibonyeze waya wa umeme ukiwa umechomekwa. Taa ya kijani isipowaka, tatizo huenda ni paua saplai. Betri ya CR2032, ile ya duara kama sarafu kwenye bodi, ikiwa imeisha nayo inaifanya mashine isahau saa na mipangilio. RAM zichomoe, zifute sehemu za dhahabu kwa kifutio cha penseli, uzirudishe moja moja. Bodi ngapi zimetupwa kwa sababu ya vumbi, sijui, ila nina wasiwasi nazo.

Kuna wanaosema afadhali kuruka kabisa kwenda bodi mpya, kwa kuwa Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Hoja ina uzito. Ila Windows 11 inadai TPM 2.0, yaani sehemu ya usalama ndani ya mashine, na, kwa Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha nane kwenda mbele. Hapo unanunua bodi, prosesa, RAM ya DDR4, paua saplai na pengine boksi pia, maana la Dell halitaipokea. Hapo hujatengeneza ya zamani, umenunua mpya vipande vipande, tena kwa bei ya rejareja. Na leseni ya Windows iliyokuja na ile ya kwanza ilifungwa kwenye bodi yake.

Ukiamua bado kumtuma mtu Dar, mpe picha za simu: stika ya bodi, plagi ya umeme inayoingia kwenye bodi, namba ya prosesa, na boksi lote likiwa wazi. Muuzaji akikujibu "hiyo ipo" bila kuzitazama, tafuta mwingine.