Kichefuchefu cha mafundi wa XF-84H hakichekeshi

Jana rafiki yangu kanitumia klipu, moja ya zile za ndege mbovu kuliko zote, walipofika kwenye XF-84H, ndege ya kivita ya majaribio ya Marekani ya miaka ya 1950, msimuliaji akaanza kucheka hadi anakohoa, eti kelele za propela zilikuwa zinawatia mafundi kichefuchefu. Nikaizima palepale. Mtu anaumia kazini kwake halafu wewe unacheka?

Wazo lenyewe la kuifunga propela ndege ya kivita ya zama za jeti halikuwa la hovyo, hilo nakubali. Jeti za miaka ile rubani akiongeza nguvu zilikuwa zinachelewa kuitikia, propela inavuta papo hapo, na Jeshi la Majini la Marekani ndilo lililoanza kuitaka ndege ya namna hiyo kwa ajili ya meli zake za kubeba ndege. Sawa.

Mimi ugomvi wangu uko kwenye propela waliyochagua. Mapanga matatu, kipenyo kama mita 3.7 tu, injini ya hospawa 5,850, kwa hiyo ili nguvu yote hiyo iingie kwenye kitu kidogo namna ile ikabidi kizungushwe mpaka ncha za mapanga zikapita kasi ya sauti, kama mara 1.18. Na hapa ndipo watu wanaruka haraka: mzunguko ulikuwa uleule muda wote, rubani akitaka msukumo zaidi kinachobadilika ni pembe ya mapanga basi. Yaani hata ndege imesimama chini haiendi popote, ncha zimeshapita kasi ya sauti, zinarusha mawimbi ya mshtuko pembeni bila kukoma, na pembeni ndiko fundi anakosimama! Mimi niliwahi kukaa karibu na ndege ndogo ya propela ya kawaida kabisa ikiwashwa, kifua kikatetemeka nikajikuta narudi nyuma bila kuambiwa, sasa hao wenzetu ilikuwaje.

Edwards, kituo cha jeshi la anga kule California, ilibidi waivute mpaka mbali kwenye ziwa kavu ndo waiwashe, na mnara wa kuongozea ndege ukawa unawasiliana nao kwa taa. Ukiona hivyo ujue propela imeshindwa kabla hata ndege haijaruka.

Na njia nyingine ilikuwepo. Tu-95, ndege ya mabomu ya Wasovieti, iliruka 1952, propela mbili kila injini zinazungukia pande tofauti, kipenyo mita 5.6, mizunguko kama 750 kwa dakika. Piga hesabu, ikiwa imesimama ncha inakwenda mita 220 hivi kwa sekunde, chini kabisa ya kasi ya sauti. Propela kubwa, inazunguka taratibu, na lile dubwana la injini nne linakwenda kilomita 900 kwa saa, mwendo ambao XF-84H haikuwahi kuufikia. Angani nayo ina kelele mbaya sana, sibishi, ila fundi wake haogopi kuiwasha.

XF-84H iliruka mara 12 tu, na karibu zote ikalazimika kutua kwa dharura. Rubani Lin Hendrix aliirusha mara moja akakataa kurudi tena.

Moja ya zile mbili zilizotengenezwa ipo makumbusho ya jeshi la anga kule Dayton, Ohio, propela imetulia kimya. Ukibahatika kufika, usiishie kupiga picha puani, zunguka usimame usawa wa mapanga, hapo pembeni kabisa. Palikuwa na mtu hapo.